Krimu Iko Kwa Mwiko

Msee akikushow oats haina ladha, muulize kwanza aliipika aje. Mara mob stori inakuwanga ile ile: alichemsha maji, akamwaga kwa bakuli, akafunika na sahani, akaenda kudunga viatu. Kurudi anapata juu imevimba, chini ni maji tu, na katikati kuna vipande bado ni mbichi. Analazimisha vijiko mbili tatu, anaacha, anashuka kwa kibanda kusaka chai na KDF. Kutoka hiyo siku, oats kwake ni dishi ya wagonjwa na wazito wa Lavi.

Mi naipenda hii dishi, na inaniuma venye inachafuliwa jina. Uji ya oats ikipikwa na heshima inatoka laini, nzito, inateleza kwa kijiko, na iko na krimu yenye hakuna mtu aliweka. Hapo ndio watu wengi hupotea. Wanadhani krimu ni kitu ya kununua. Wanacheki video TikTok, kuna dem ako majuu ameweka krimu ya pakiti, maziwa ya lozi na asali ya bei kali, wanapima na mfuko yao, wanazima simu. Buda, krimu iko ndani ya oats zenyewe. Inadai maji, ka-moto kadogo, mwiko na kama robo saa. Zote uko nazo kwa keja.

Inatoka wapi sasa? Ndani ya hiyo mbegu kuna nyuzi zinaitwa beta-glukani. Zikikaa kwa maji moto zinayeyuka pole pole, zinafanya hiyo maji ikuwe nzito, ya kuvutika. Pia kuna wanga, nayo ikipata joto inafyonza maji inafura. Mwiko ikizunguka, vipande zinasuguana, wanga inatoka nje inakutana na hiyo beta-glukani, na hapo ndio krimu inazaliwa. Ukikimbiza moto, maji inakauka kabla hiyo kazi iishe. Usipokoroga, kila kipande inabaki na utamu yake ndani, na wewe unabaki na maji ya kijivu.

Na kuna kitu poa hapo. Hiyo beta-glukani yenye inakupea ulaini ndiyo ile ile madaktari wa moyo hubonga juu yake. Mwaka wa 1997, FDA, ile mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliruhusu kampuni za oats ziandike kwa pakiti kwamba hii nafaka inaweza kusaidia kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo, juu hizo nyuzi hushusha kolesteroli mbaya kwa damu. Kiwango yenye walitaja ni gramu 3 za beta-glukani kwa siku. Bakuli ya gramu 40 za oats inakupea karibu nusu ya hiyo. Halafu juu hiyo uji nzito inateremka pole kwa tumbo, ubao inachelewa kukubishia. Kama unajua kukaa kwa mat kutoka Rongai hadi tao kwa jam bila kitu tumboni, unaelewa hiyo ni mali.

Najua kuna mbogi yenye haitaki kuskia neno uji kabisa. Walisoma bodi. Kila asubuhi, giza bado, wamepanga laini na vikombe za plastiki, unapakuliwa uji nyeupe ya mahindi kutoka kwa sufuria yenye mtu mzima anaweza ingia akaoga. Nyepesi, iko na madonge, sukari ilipita tu ikasalimia. Ukimaliza form four unaapa: uji na mimi tumeachana. Hiyo kiapo naielewa. Lakini hiyo uji ilikuwa inapikiwa watoi mia kadhaa na mpishi mmoja ama wawili, kuni zina moshi, na kengele inangoja. Hakukuwa na time ya kuikoroga. Usihukumu uji na hiyo.

Ihukumu na ile ya shosho, kule ocha. Shosho hakuwahi kimbizana na moto. Unga ya wimbi inachanganywa kwanza na maji baridi hadi donge zote ziishe, inaachwa ichachuke siku moja ama mbili, halafu inamwagwa pole pole kwa maji yenye inachemka, mkono moja inamwaga na ingine inazungusha mwiko. Haachi kukoroga hadi ishike. Ikishashika, anapunguza moto, anaiacha itokote hadi ile harufu ya unga mbichi ihepe. Hapo ndio anaonja. Cheki pia wale mamathe wa uji huku Nai, wenye wanakuwa kwa mjengo na kwa steji kutoka alfajiri na thamosi zao kubwa, wanauzia mafundi kikombe kabla wapande juu. Uji yao haijawahi kuwa na donge. Hawana mashine. Ni mkono na moto ya chini.

Kwa hivyo mtu wa mtaa akiniambia kupika oats ni maneno ya wazungu, mi hukataa. Mbinu yote tuko nayo. Tulizaliwa nayo. Shida ni tunapata hiyo pakiti tunasahau kila kitu tulionanga jikoni, tunafuata maandishi ya nyuma.

Hayo maandishi yenyewe, acha nikuchapie. Pakiti inakushow dakika tatu. Hiyo pakiti haijui uko Nairobi. Hii mji iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na huku maji huanza kuchemka ikifika kama digrii 94, si 100 venye ingekuwa Mombasa. Hata ukiongeza gasi hadi mwisho, haitapita hapo. Itageuka tu mvuke ihepe. Ukiwa Limuru ama Ol Kalou, inachemkia chini zaidi. Maana yake oats zako zinadai dakika kadhaa juu ya zile zimeandikwa. Msee wa Mombasa akikushow yake iliiva haraka, hakudanganyi.

Kwa rafu za supa utapata aina mob. Zile zimeandikwa "rolled" ni mbegu nzima zimepigwa mvuke halafu zikabonywa kwa roli hadi zikawa bapa. Hizo ndizo mi hutetea. Zile za kuiva haraka ni jamaa moja, tu zimekatwa ndogo na kubonywa nyembamba zaidi, kwa hivyo zinakuwa laini mapema lakini haziachi kitu ya kutafuna. Kama ndizo ziko kwa duka ya mtaa, chukua, punguza tu dakika. Tupakiti twa bakuli moja twenye tuko na ladha na sukari tayari, mi huziruka: sukari imeshaamuliwa na mtu mwingine, na kwa hesabu ya gramu unalipa zaidi. Pakiti ya nusu kilo ya zile za kawaida, ukipima gramu 40 kila asubuhi, inakupea bakuli 12. Wewe mwenyewe piga hesabu na chai na KDF za siku 12.

Ile mvuke ya kiwanda haikuwekwa bure. Oats ziko na mafuta kushinda ngano na mchele, karibu gramu 7 kwa kila 100, na hayo mafuta ndiyo yanaongeza ule ulaini kwa ulimi. Zisipopigwa mvuke, hayo mafuta yangeharibika haraka na uji ingekuwa chungu. Lakini hata hivyo usiweke pakiti wazi kando ya jiko miezi mitatu. Mimina kwa mkebe yenye inafunga vizuri, weka mahali hakuna joto. Ukifungua ikunukie kama mafuta ya kale, hiyo imeenda. Usiipike.

Sasa tuingie jikoni. Ya mtu mmoja mwenye ako na ubao: nusu kikombe ya oats, kikombe moja na nusu ya maji, nusu kikombe ya maziwa, na chumvi ya kushika na vidole mbili. Chumvi usiiruke hata kama unapenda sukari. Bila hiyo, uji inakuwa na sukari juu na hakuna kitu chini.

Kama unaraukanga saa kumi na moja kuwahi mat kabla konda apandishe fare, fanya kazi ya kwanza usiku. Weka oats na hiyo maji kwa sufuria, funika, lala. Zikikesha kwa maji, zinakuwa zimeshafura, na asubuhi robo saa inageuka dakika saba ama nane. Pande za joto kama Mombasa, loweka kwa friji kama iko. Hapa Nai, usiku mmoja ya baridi ya Julai haitakusumbua.

Kama hukuloweka, kuna njia ingine yenye mi hupenda hata zaidi wikendi. Weka sufuria kavu kwa moto ya chini, mwaga oats, zizungushe na mwiko dakika mbili tatu. Keja itaanza kunukia njugu. Rangi ikibadilika kidogo tu, ongeza maji. Hapo inalia shaaa, usishtuke. Hiyo kukaanga inaamsha ladha yenye ilikuwa imelala, na uji inatoka na ka-harufu kenye majirani watauliza.

Moto ndio mtihani ya wengi. Ile meko ya mtungi wa kilo 6 iko na moto mkali, na hata ukirudisha swichi hadi karibu izime bado inaunguza chini ya sufuria nyembamba. Chukua ile pan ya chapo, iweke kwa moto, halafu sufuria ikae juu ya hiyo pan. Joto inasambaa, haipigi mahali moja, na uji yako inatokota bila kushika. Kwa jiko ya makaa, funika makaa na jivu kidogo. Mamathe wa ocha wanaijua hii tangu zamani.

Ikianza kuchemka, koroga kama dakika moja bila kuacha, ukikwaruza chini na pembeni. Halafu iachie kidogo, rudi, koroga, iachie. Skiza sauti. Mwanzo mapovu ni madogo na yanakimbia. Baadaye yanapungua, yanakuwa makubwa, yanapasuka moja moja na uzito. Ukiskia hiyo, jua wanga imetoka. Sasa kaa hapo. Dakika tatu za mwisho ni zako na mwiko, weka simu chini, zungusha tu. Pitisha mwiko chini ya sufuria: ikiacha barabara yenye inajifunga pole pole, umefika. Ikijifunga hapo kwa hapo, bado. Isipojifunga kabisa, ongeza maji moto kidogo.

Maziwa inaingia hapo mwisho. Watu wengi huimwaga yote mwanzoni wakidhani ndiyo italeta krimu, na maziwa ikiwa pekee yake kwa moto inashika chini, inafura, inamwagikia meko, na oats zinaiva ndani yake pole kushinda kwa maji. Acha maji ifanye kazi ya kupika. Maziwa iingie ikiwa imeshachemshwa na bado ni vuguvugu, umwage mara mbili ama tatu ukikoroga. Kama huku kwenu kuna ATM ya maziwa, unapimiwa ya ile ganji uko nayo, hata ya mbao, na ya bakuli moja haihitaji nyingi. Halafu zima moto, funika, hesabu dakika nne. Usikule kabla. Hizo dakika nne inajishika yenyewe, inatulia, na ulaini unaongezeka bila wewe kufanya chochote.

Sukari iweke wakati umezima. Ukiiweka mapema inashuka chini inaungua, halafu huwezi rudisha. Mi hupenda ndizi badala yake: moja yenye ngozi imeanza madoadoa meusi, unaiponda na uma, unaiingiza oats zikiwa nusu njia. Inayeyuka yote, inaleta utamu na inaongeza uzito. Kama mfuko imekauka kabisa na maziwa hakuna, bado usijali. Kijiko kimoja cha siagi ya njugu, ikorogwe kwa maji moto kidogo kwanza halafu imwagwe ndani, inafanya uji ikuwe nzito ile mbaya. Watu wa Pwani wako na tui, na tui la nazi kwa oats na iliki mbili zimepondwa ni kitu ya kufanya mtu anyamaze mezani. Mala pia inaingia, lakini moto ukiwa umezimwa, juu ikichemka inakatika.

Sasa ile yenye mi naona inafaa ikuwe dishi ya hii mji. Oats na wimbi. Ukiwa unapika ya mtu mmoja, chukua kijiko kimoja cha unga ya wimbi, changanya na maji baridi kwa kikombe hadi iwe laini, halafu imwage kwa sufuria oats zikianza kutokota, ukikoroga bila kuacha, na uongeze maji robo kikombe juu itanyonya. Iache iive na hizo oats hadi harufu ya unga iishe. Rangi inabadilika inakuwa ya chokoleti, ladha inapata ile ardhi ya nyumbani, na ulaini wa oats unafunika ule mkwaruzo wa wimbi. Kwa upande wa afya, wimbi ndiyo mfalme ya kalsiamu kati ya nafaka: gramu 100 iko na zaidi ya miligramu 300, na gramu 100 ya maziwa iko na kama 120. Umoja wa Mataifa ulifanya mwaka wa 2023 ukuwe mwaka wa kimataifa wa nafaka za jamii ya wimbi na mawele, na huku kwetu, Kisii na magharibi yote, watu walikuwa wanajua kitambo. Kamua ndimu juu, hiyo uchachu inakurudisha kwa kibuyu cha shosho bila kungoja siku mbili.

Na kama huna oats, wimbi pekee yake inatosha. Sitaki mtu ajiskie chini juu hana pakiti ya supa. Kile natetea ni mwiko na subira.

Kuna wasee wa Nyandarua wakiskia unakula oats wanakushangaa, juu kwao hizo hukatwa zikiwa kijani zinapewa ng'ombe wa maziwa. Ni ukweli, huko juu penye kuna baridi oats zinamea poa, na wakulima wengi huzipanda kama lishe ya mifugo. Hiyo haishushi hadhi yake hata kidogo. Inaweza kuwa hata ile maziwa umetia kwa uji ilianzia kwa shamba ya oats. Na hii mabishano ni ya zamani: Samuel Johnson, mwandishi wa kamusi ya Kiingereza ya 1755, aliandika kwamba oats ni nafaka yenye Uingereza inapewa farasi, na Scotland inalisha watu. Waskoti hawakuacha. Hadi leo, kijiji yao inaitwa Carrbridge hufanya shindano la dunia la kupika uji, tangu 1994, na tuzo inaitwa Golden Spurtle, juu spurtle ni ile fimbo yao ya kukorogea. Kwa shindano la jadi unaruhusiwa vitu tatu: oats, maji, chumvi. Hakuna maziwa, hakuna asali, hakuna krimu ya pakiti. Watu wanapanda ndege kutoka nchi za mbali kwenda kushindana nani anajua kukoroga.

Usifikirie pia huku kwetu oats zimekuja jana. Ingia Isili asubuhi kwa hoteli ya Wasomali, uliza boorash, uletewe uji ya oats na maziwa, iko moto, iko tamu. Ramadhani ikifika, kuna nyumba za Pwani, venye tu iko Oman na pande zote za Ghuba, zenye hupika oats na nyama, kitunguu na pilipili manga, ikawa shurba ya kufungulia. Oats za chumvi ziko poa walai. Jaribu siku moja ya Jumapili: pika na maji pekee, chumvi ikuwe sawa, pilipili manga, halafu juu yake yai la kukaanga yenye kiini bado inateleza na kachumbari kando. Vunja hicho kiini ndani.

Vitu za kuweka juu, mi niko na msimamo: mbili zinatosha. Kuna watu hufunika uji na matunda saba na mbegu za kila rangi hadi huoni uji yenyewe, halafu wanalalamika haina ladha. Njugu zile zinauzwa zimefungwa kwa karatasi, zilizokaangwa na chumvi, ziponde kidogo umwage juu, utapata kitu ya kutafuna kati ya huo ulaini. Embe ikiwa msimu, kata vipande. Mdalasini kidogo. Wakati wa baridi, tangawizi iliyokwaruzwa iingie mapema na maji, si mwisho. Ukichagua mbili kati ya hizo, uji inabaki na sauti yake.

Kama mnaishi watatu ama wanne kwa keja moja, piga mara tatu ama nne lakini usiongeze maji na hesabu ile ile kabisa. Sufuria kubwa inapoteza mvuke kidogo kwa kila mtu, kwa hivyo anza na maji pungufu kiasi, na uweke ingine imechemka kando ya kuongeza. Mtu moja ashike mwiko kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkibadilishana, kila mtu anadhani mwingine alikwaruza chini, na chini ndipo inaungulia. Ya kubeba kazini, mimina kwa thamosi ya mdomo pana ikiwa nyepesi kiasi, juu ikifika saa nne itakuwa imeshika zaidi ndani ya hiyo joto.

Ikibaki, usitupe. Ikipoa itashikana iwe ngumu, na hapo wengi hudhani imeharibika. Iweke kwa friji, asubuhi ingine ivunje na kijiko, ongeza maziwa kidogo na maji, irudishe kwa moto ya chini ukikoroga hadi ifunguke. Na sufuria, ukishapakua tu, ijaze maji baridi hapo hapo kabla ukae kula. Maji moto inapika ile iliyoshika pembeni na inaing'ang'aniza zaidi. Ya baridi inaiachilia, na ukimaliza bakuli yako, unaipangusa mara moja na steel wool unachomoka kwenda job.